Alichotema Hondohondo

Kazi yangu ya likizo ya Desemba, baada ya kumaliza kidato cha tatu, ilikuwa kuokota matapishi ya ndege. Nasema mapema ili anayekula asogeze sahani. Wenzangu walikwenda Dar es Salaam kwa kaka zao wakapiga picha ndani ya lifti. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya mvule, katikati ya shamba la muhogo, kijiji kimoja kilicho ndani ndani baina ya Muheza na Pangani, nikimngoja hondohondo acheue.

Aliyenipeleka ni shangazi, dada yake baba. Anafanya kazi na kitalu kimoja cha Muheza kinachootesha miti ya asili, ile ambayo binadamu ameimaliza kwa kuigeuza milango na mkaa. Kila msimu wa matunda hutumwa misituni kukusanya mbegu. Kazi hiyo ameifanya tangu mimi sijazaliwa, na goti lake la kulia lina kumbukumbu zote. Mwaka huo daktari akamwambia goti limekwisha. Huo uwe msimu wake wa mwisho wa porini. Kuanzia mwakani atakaa kitaluni kwenye kiti, kazi yake kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Ndipo alipokuja kwetu Usagara, Tanga, akamwambia baba:

"Kaka, nipe mmoja katika watoto wako nikamfanye goti."

Baba hata hakuuliza yupi. Alinitazama nilivyolala kwenye kochi, simu mkononi, miguu ukutani, akasema, "Chukua hilo."

Jina la mti tuliokuwa tukiutafuta sitalitaja. Si maringo. Mwenye mahali alituomba, maana wapasua mbao nao wanajua kusoma. Nitasema tu kwamba ni mti mrefu, gamba la kijivu, na tunda lake likiiva hupasuka, ndani mna mbegu nyeusi zilizovaa kofia nyekundu yenye mafuta. Miti mikubwa ya namna hiyo iliyobaki upande ule ni saba, na yote saba imo ndani ya mzimu, yaani kile kipande cha msitu ambacho watu wa pale wamekitenga kwa matambiko ya wakubwa zao na hakijaguswa na shoka miaka na miaka. Nje ya hapo hakuna hata mche. Na mti wenyewe una kiburi. Unaweza kukaa miaka minne, mitano, bila kuzaa la maana. Shangazi alikuwa ameungoja miaka minne. Mwaka goti linakufa, mti ukazaa.

Alitaka mbegu mia tatu. Nilimuuliza hamsini zina kasoro gani.

"Nusu haziotagi," akasema. "Zinazoota, panya atakula zake, ukungu utakula zake, mbuzi wa jirani naye hajasahaulika. Mia tatu ndiyo unapata miti ya kusema hapa patakuwa msitu. Hamsini ni bustani ya hoteli."

"Basi mwaka huu nusu, mwakani nusu."

"Mbegu hii ikikauka imekufa, mwanangu. Haiwekwi. Na mwakani mimi niko kwenye kiti."

Kikwazo ni kwamba kitu cha mzimuni hakitoki. Kuni haitoki, uyoga hautoki, hata jani la kufungia ugoro halitoki. Nilipoambiwa tunakwenda kumwona mwenye mzimu nilijiandaa kumkuta babu mwenye ndevu na fimbo, nikapanga kabisa nitakapokificha kicheko changu. Akatokea kijana wa miaka thelathini na kitu, jezi ya mpira, pikipiki ya bodaboda iliyoandikwa nyuma "Mtanizoea Tu". Kwao mzimu haurithiwi kwa baba, hurithiwa kwa mjomba. Mjomba alipofariki, cheo kikamkuta kijiweni anasubiri abiria.

"Shikamoo mama," akamwambia shangazi.

"Marahaba mwanangu. Abiria wanasemaje?"

"Abiria wana haraka kuliko pikipiki."

Shangazi akaeleza haja yake polepole, kwa adabu zote, mpaka nikachoka kwa niaba yake. Yule bwana akasikiliza huku anakuna shingo.

"Mama, mle hakitoki kitu. Mimi mwenyewe mwaka jana nimeangusha ufunguo wa pikipiki mle ndani. Nimeuacha. Nikaenda kuchonga mwingine Muheza."

"Tunaomba zilizoanguka tu, anko," nikadakia. "Si zinaoza bure?"

"Zinaozea kwao," akasema. Kisha akatazama juu, kundi la hondohondo lilikuwa likipita na makelele yake. "Ila hawa hawana mkataba na mimi. Akimeza ndani akaja kutema nje, hiyo mimi siijui. Hiyo ni yenu na yeye."

Shangazi alicheka mpaka akashika goti. Mimi nikadhani ni utani. Ilikuwa sheria, na sheria hiyo ndiyo iliyonivunja mgongo.

Hondohondo humeza mbegu pamoja na kofia yake. Huruka nayo mpaka kwenye mti anaopenda kupumzikia, huko tumboni kofia inavuliwa, kisha anaitema mbegu ikiwa safi, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha kiranja. Mti walioupenda wao ni mvule mmoja uliosimama peke yake kwenye shamba la muhogo la mama mzazi wa mwenye mzimu, mwendo wa kama hatua mia mbili kutoka msituni. Kwa mama huyo ndiko tulikofikia. Tulitandaza chini ya mvule vyandarua vikuukuu, tukafunga pembe zake kwenye mashina ya muhogo, tukakaa.

Wanakuja asubuhi, sita au saba, wanalia kama vichanga vilivyonyimwa ziwa. Kinachoanguka kwanza ni mavi. Kisha vijiti. Kisha mavi tena, maana wana moyo wa kutoa. Ukishakata tamaa ndipo unasikia tap, mbegu moja. Shangazi anakaa kwenye kigoda, mguu kaunyoosha, ananielekeza kwa kidole.

"Ile pale."

"Ipi?"

"Pembeni ya lile la kijani."

"Shangazi, yote ya kijani."

"Ah! Lile linalotiririka, bwana."

Siku ya kwanza tukapata kumi na nne. Ya pili tisa. Ya tatu kulikuwa na upepo, ndege wakatema walikotaka wenyewe, tukapata sita. Nikapiga hesabu ya kugawanya kwa hiari yangu, jambo ambalo mwalimu wangu wa hesabu hajawahi kulishuhudia, nikaona kwa mwendo ule tutamaliza watu wakiwa kwenye mfungo.

Jioni mbegu zinaingia kwenye ndoo yenye vumbi la mbao lililoloweshwa. Kazi yangu ilikuwa kwenda kisimani kuleta maji ya kulinyunyizia, kisha kutia mkono na kugeuza ndoo nzima, chini juu, juu chini, zisipate joto zikaoza. Shangazi anaandika idadi kwenye daftari lake, anapiga mstari kwa rula. Halafu anajipaka mafuta ya nazi gotini, anatazama ukutani.

Sijui kama nimewahi kuchoka vile. Uchovu wa shuleni naujua, ni wa kusikiliza. Huu ulikuwa wa kuinama. Nilikuwa naamka mgongo umekataa, nafika shambani jua limeshika kisogo, upupu wa pembeni ya shamba umenipata shingoni, najikuna kwa gunzi kama ng'ombe. Mchana bada, ule ugali wa muhogo, na dagaa. Usiku bada na kisamvu. Siku moja nikamwambia mwenye nyumba, "Bibi, leo tubadilishe, tule dagaa na bada."

"We mke mwenzangu una mdomo," akasema. Alinibandika jina hilo siku ya kwanza, maana bibi na mjukuu wa kike mume wao mmoja. "Hivyo hondohondo hajakuomba uwe mwenzie? Mnafanana midomo."

Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, mkali kwa kuku na mpole kwa muhogo. Mchana kutwa anamenya, anaanika, anawafukuza kuku, anawatukana, anawahurumia, anawatupia makombo. Mwanawe mwenye mzimu hupita asubuhi kunywa chai kabla ya kwenda kijiweni, na kila akipita anamuuliza shangazi, "Wanatema, mama?" na shangazi anajibu, "Wanatema, mwanangu, ila kwa mashaka."

Siku ya kumi na moja tulikuwa na mia na ishirini na mbili. Matunda yalikuwa yakikaribia kwisha. Ndege walianza kuja wanne, mara watatu. Shangazi aliinuka kigodani kufukuza siafu walioingia kwenye chandarua, goti likakataa, akakaa chini kwenye tuta la muhogo kama mtoto. Hakulia. Alikaa tu akasema, "Ngoja kwanza. Ngoja kidogo." Nikangoja. Siafu wakafanya wapendavyo.

Njia ya kisimani inapita pembeni ya mzimu. Mpaka wenyewe si ukuta wala waya, ni hiyo hiyo njia, upana wa nyayo mbili. Huku muhogo, kule msitu. Na kule, hatua mbili tu kutoka njiani, chini ya mmojawapo wa ile miti saba, mbegu zilikuwa zimejaa kama njugu zilizomwagika sokoni, na kofia zao nyekundu, zinatazamana na mimi. Siku kumi na moja nilipita pale na ndoo kichwani. Siku hiyo nikaitua ndoo.

Ningependa kuandika kwamba nilifanya kwa ajili ya goti la shangazi. Nilijiambia hivyo, na nilijiambia vizuri, kwa huruma. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, nataka kwetu, nataka kochi. Hata kuogopa nilichoka. Nilitazama huku, nikatazama kule, nikasema "Hodi" kwa sauti ya kejeli, maana sijui kunyamaza hata ninapoiba, nikaingia hatua mbili na kujaza mifuko ya sketi.

Ila hizi zilikuwa na kofia. Za hondohondo hazina. Kwa hiyo nikakaa nyuma ya jiko la bibi nikawa najifanya tumbo la ndege: nazivua moja moja kwa kucha, nazisugua kwa majivu, nazisuuza, mpaka zikang'aa. Maganda mekundu nikawatupia kuku. Jioni nikazichanganya na za mchana ndani ya kopo, nikamkabidhi shangazi.

"Arobaini na saba!" Akahesabu mara ya pili. "Leo wamekula nini hawa?"

"Wamekuonea huruma, shangazi."

Akanishika shavu. Afadhali angenipiga.

Siku ya pili nikaleta arobaini na tatu, ya tatu hamsini. Kila jioni nikageuza ndoo, chini juu, juu chini, kama nilivyofundishwa. Tulifika mia mbili sitini na mbili. Shangazi akapiga simu kitaluni, nikamsikia anawaambia wajaze viriba mia tatu, waloweshe udongo, watandike kivuli. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtu mwenye magoti mawili. Alipokata simu akaanza kuimba, na shangazi haimbi, hajui.

Asubuhi ya siku iliyofuata tulikuwa barazani na chai. Mwenye mzimu ameegesha pikipiki, anavunja muhogo wa kuchemsha. Bibi katoka kuwafungulia kuku, karudi kasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Njooni mniambie. Kuku wangu wana nini midomoni?"

Tukatazama. Kuku wote wanne midomo myekundu, na mtetea mmoja hata manyoya ya kifuani. Mwanawe akacheka. "Wamekula pilipili ya mtu."

"Pilipili gani inakaa siku tatu?" Bibi akageuka, macho yakapita kwa shangazi, yakapita kwa mwanawe, yakanifikia mimi, yakashuka mpaka kwenye vidole vyangu vilivyoshika kikombe. Kucha zangu zilikuwa nyekundu, na ncha za vidole, na mistari ya viganjani. Nilikuwa nimesugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa ndimu. Yale mafuta hayatoki.

"Mke mwenzangu," akasema, "harusi gani hiyo mmealikwa wewe na kuku wangu, mimi nikaachwa?"

Nina majibu mpaka ya maswali ambayo hayajaulizwa. Nilifungua mdomo, kikatoka kicheko kidogo kisicho na mwenyewe.

Mwenye mzimu aliacha kutafuna. Yeye rangi ile aliijua tangu utoto. "Za nje hazina kofia," akasema taratibu, kama anayejieleza mwenyewe.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Uliingia?"

"Hatua mbili tu."

"Nimekuuliza uliingia?"

"Niliingia."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Ngapi?"

"Sikuhesabu. Mifuko miwili, kila mara." Nikaona nimsaidie. "Lakini za ndege zimo pia, shangazi. Zaidi ya nusu ni za haki."

Akaniambia nilete ndoo. Nikaileta, nikaiweka katikati ya baraza. Akatia mkono, akatoa gao la mbegu na vumbi, akalipangusa, akalitazama. Miaka yote ile ya kazi, alikuwa anajua mbegu ya mti gani kwa kuigusa tu akiwa amefumba macho. Akaligeuza gao lile kiganjani. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri mno. Zote zilikuwa safi, nyeusi, zinang'aa.

"Mama, wewe unaweza kujua ipi ni ipi?" akauliza mwenye mzimu.

Angeweza kusema ndiyo. Nilimwomba moyoni aseme ndiyo, achambue kwa kubahatisha, abakishe hata mia. Nani angebisha?

"Siwezi," akasema shangazi.

Yule bwana akavua kofia yake, akaivaa tena. Ilionekana wazi kwamba angelipa chochote asiwe yeye wa kusema. "Mama, mimi hayo mengine, mashetani sijui nini, mjomba aliyaamini zaidi yangu. Lakini mpwa wangu anachoma mkaa. Shemeji yangu ana msumeno. Kila wiki wanakuja: tupe gogo moja tu, lililoanguka tu, linaoza bure. Nawajibu hakitoki kitu. Hawajawahi kuniuliza zaidi, kwa sababu hakijawahi kutoka. Wakisikia mgeni kutoka Tanga ametoa mbegu, watasema sasa mbegu na gogo zina tofauti gani? Na mimi sitakuwa na jibu."

Maneno "zinaoza bure" nilikuwa nimeyasema mimi mwenyewe siku ya kwanza, mbele yake.

"Zirudi," akasema shangazi.

"Zote, mama?"

"Si umeniuliza kama najua ipi ni ipi?"

Nilidhani atabishana. Namjua shangazi, anabishana na kondakta, anabishana na redio. Hapo aliinuka akishika ukuta, akatangulia. Tulikwenda wanne, hata bibi na upawa wake mkononi. Mpakani mwenye mzimu akavua viatu, akachukua ndoo kutoka kwangu bila kunitazama, akaingia peke yake. Alikwenda mbali zaidi ya zile hatua zangu mbili. Tulisikia zinamwagika, mlio mfupi kama mvua iliyoghairi. Akarudi na ndoo tupu, hata vumbi la mbao hakulirudisha.

Shangazi akafungua daftari hapo hapo njiani, akalilaza juu ya mkono, akaandika tarehe. Mbele yake akaandika sifuri. Rula alikuwa ameiacha nyumbani, mstari akaupiga kwa mkono, ukapinda.

Hakunigombeza. Sijui kama watu wazima wanajua adhabu hiyo ilivyo. Nilimfuata kurudi shambani nikijitengenezea mwenyewe matusi ya kunitukana, mazuri kabisa, na yote yakabaki bila kutumika. Alikaa kigodani, akanyoosha mguu. Baada ya muda akasema, "Ile pale."

Zilibaki siku sita kabla ya kuondoka, na matunda yalikuwa ukingoni. Ndege walikuja watatu, siku nyingine wawili, siku moja hakuja hata wa dawa. Nililala chini ya mvule kifudifudi nikipekua majani, mizizi, matuta, kila palipoweza kuficha mbegu iliyorukia nje ya chandarua tangu mwanzo. Nilipata saba za zamani, tano zimekauka. Nilijikuna, nikaendelea. Bibi aliniletea maji mara moja akasimama kunitazama.

"Pumzika, mke mwenzangu. Hata mwizi hupumzika."

"Nikipumzika sitaamka, bibi."

"Basi usiamke. Nani anakudai?" Lakini alipiga magoti pembeni yangu, akaweka ungo wake chini, akapekua na yeye mpaka jua likageuka. Alipata moja. Aliitangaza kijiji kizima.

Tuliondoka na arobaini na moja. Mwenye mzimu alitupeleka mmoja mmoja mpaka barabara kuu, shangazi kwanza kwa sababu ya goti, mimi baadaye na ndoo mapajani. Tulipofika akanisaidia kuteremsha ndoo, akachungulia ndani, akauliza, "Hizi ni za nani?"

"Za hondohondo, anko."

"Una hakika?"

"Mbili ni za bibi."

"Mbona yeye alitangaza moja?"

"Nyingine alinipa nisimwambie mtu. Ilikuwa ndani ya ungo wake, alikuwa ameisahau siku ile aliponisaidia kupekua." Ilikuwa kweli, na nilivyoitamka ikasikika kama uongo. Hilo nalo nililizoea siku hizo.

Kitaluni Muheza viriba mia tatu vilikuwa vimepangwa chini ya kivuli cha makuti, safu kumi, udongo umeloa, mweusi, tayari. Msimamizi alitupokea kwa furaha, kijana msomi mwenye kalamu tatu mfukoni. Akainua kifuniko cha ndoo. Akakirudisha. Akakiinua tena.

"Mama, ulisema mia mbili na zaidi."

"Nilisema."

"Kumbe ni hizi tu?"

"Ni hizi tu."

Nilisimama nyuma ya shangazi nikingoja. Nilikuwa tayari anitaje. Nilitaka anitaje, nimalize. Msimamizi alimtazama shangazi kwa huruma ile ambayo vijana huwatazama nayo wazee waliokosea hesabu, akatazama goti, akaona amepata maelezo. Shangazi akaona anavyoonwa. Akaacha iwe hivyo.

"Mimi ndiye," nikasema. "Zile nyingine niliziiba mzimuni, zikarudishwa. Hakukosea hesabu."

"Funga mdomo, shika kijiti," akasema shangazi. "Toboa mashimo, urefu wa kifundo kimoja cha kidole. Mbegu ilale ubavu, usiisimamishe."

Nikatoboa. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki, kile atakachokalia sasa kila siku, ananipa mbegu moja moja kiganjani. Arobaini na moja haichukui muda. Tulimaliza safu ya kwanza, tukaingia ya pili, ikaishia njiani. Viriba vilivyobaki msimamizi akaagiza vipandwe mkangazi, udongo usipotee.

Sasa ni Julai. Simu shuleni marufuku, kwa hiyo shangazi humpigia mama, na mama hunieleza nikirudi nyumbani jioni. Zimeota ishirini na mbili. Panya amekula tatu, kama alivyotabiriwa. Mbuzi wa jirani bado. Mwenye mzimu naye alipita kitaluni na pikipiki kumwona shangazi, akamwambia miti yote saba mwaka huu haina hata ua. Kwa hiyo miche ya mti ule iliyo nje ya msitu ni kumi na tisa, mirefu kama kalamu, na shangazi anaimwagilia kwa kikombe, kiti anakisogeza mwenyewe kutoka kiriba hadi kiriba.

Jumamosi nakwenda Muheza kumsaidia. Hatuongei sana. Nikijaribu utani, anaucheka ukiwa mzuri, ukiwa mbaya ananiambia nijaze udongo. Juzi nilimuuliza kumi na tisa zinatosha nini.

"Hazitoshi," akasema, akaninyooshea kikombe nikamletee maji mengine.